Mke Mwenza wa Magurudumu Manne

Wale mlioninunia kwamba wiki iliyopita niliwakatisha pabaya, haya, shikeni hapo hapo. Honi imelia barabarani. Kitinda yuko gerejini, mikono imejaa grisi, na gari la baba yake liko mbele yake limenyanyuliwa kwa jeki, boneti juu, halina hata waya wa klachi. Na hapo nje ya geti, gari lile lile la baba yake likapita likitembea.

Lile lile! Rangi ya chai iliyozidiwa maziwa, taa moja imelegea, na ubavuni ule mbonyeo ambao Kaka Mkubwa aliuweka kwa baiskeli alipokuwa mtoto. Hata honi ilikuwa ile ile, inayokohoa kwanza ndipo ipige kelele.

Kitinda akatupa spana, akatimua mbio. Alipofika getini alikuta vumbi tu.

"Fundi!"

Fundi Kesho akatoa kichwa chini ya gari. Jina lake la kuzaliwa nadhani hata mkewe amelisahau. Ukimpelekea gari, jibu lake ni moja, njoo kesho.

"Umeliona lile gari?"

"Gari gani?"

"Hili!"

"Hili nimelala chini yake tangu asubuhi, dada. Nitakosaje kuliona?"

"Usinifanye mtoto. Hili limepita hapo nje sasa hivi."

Kwa wewe uliyechelewa kuungana nasi, sikia upesi. Baba yake Kitinda amefanyiwa upasuaji wa macho, yote mawili yamefungwa bendeji, na leo alasiri anaruhusiwa kutoka hospitali. Kitinda, msusi, mtoto wa mwisho na kipenzi cha mzee, aliapa mbele ya ukoo kwamba baba atarudi nyumbani ndani ya gari lake. Kaka Mkubwa akasema sawa, ila kama leo gari halitafika mlangoni mwa hospitali, kesho linapelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu likakatwe. Na mzee, kwa unyonge wa kitandani, akakubali.

Mama je? Mama hataki hata kulisikia. Miaka yote analiita "mke mwenzangu", kwa sababu mzee akiamka alikuwa analisalimia gari kwanza, yeye baadaye. Isitoshe, siku uchungu ulipombana, gari lilimzimikia njiani, na Kitinda akazaliwa pale pale kwenye kiti cha nyuma. Tangu siku hiyo mama hajatia mguu ndani. Kitinda naye, mtu kwao, na kwao kwa kwanza ni kile kiti. Kwake hilo si gari la kukatwa vipande.

Sasa turudi gerejini, maana pana moto.

"Fungua kile kibanda cha nyuma," Kitinda akasema.

"Cha nini? Nilikwambia mle mna nyuki."

"Nyuki gani wasiotoka nje hata siku moja? Fungua!"

Fundi Kesho akapapasa funguo, akajikuna, akatafuta uongo mwingine akaukosa. Wakazunguka nyuma. Hapakuhitajika ufunguo. Mlango wa kibanda unaotazama uchochoro ulikuwa wazi kabisa. Ndani palikuwa na turubai lililovuliwa, doa la oili sakafuni, na hakuna nyuki hata mmoja.

Fundi akashika kichwa. "Limeondoka! Dada, lile halikuwa tayari!"

"Kuna siku kitu chako kimewahi kuwa tayari? Sema. Gari la nani lilikuwa humu?"

"La mzee."

"La mzee liko pale kwenye jeki!"

"Dada, mzee aliniambia, kitu cha gari langu hakitupwi. Mimi nikalishika neno. Nikitoa mlango wenye kutu, nausugua, nauweka humu. Nikitoa injini iliyochoka, naiweka, naishughulikia siku za mvua. Wewe ukileta spea, nakufungia kwako, ile ya kwanza inakuja kibandani. Mwisho nikaangalia, nikaona mbona humu mna gari zima?"

"Na bodi?"

"Si ile ajali ya lori? Ulisema tafuta bodi nyingine, nikatafuta. Ile ya kwanza nikainyoosha pole pole."

"Unanidanganya. Mbonyeo wa kaka uko kwenye hili letu. Nimeushika kwa mkono wangu."

Fundi akatazama viatu vyake. "Huo niliupiga kwa nyundo. Nilitaka msihuzunike."

Kitinda alitaka kulia, akaona hata kulia ni kupoteza muda. Miaka yote hiyo! Jumapili amelala chini ya gari wakati wenzake wako matembezini, amelisukuma kwenye mvua, amegombana na kaka yake, amegombana na mchumba mpaka mchumba akasema chagua, akachagua. Kumbe alikuwa anahangaika na nini?

"Kwa hiyo hili la pale ni nini?"

"Hili ni... spea, dada. Spea zilizokusanyika."

"Na kiti cha nyuma kiko wapi?"

"Kwenye lile."

Hilo ndilo lililomchoma. Akakaa juu ya tairi bovu, halafu akainuka kwa hasira zaidi kuliko alivyokaa.

"Nani amelichukua?"

"Mimi nilikuwa chini ya gari lako, nitajuaje?"

"Basi niambie lilikuwa la nani. Baba alikutengenezesha kwa ajili ya nani?"

Fundi Kesho akaangaza huku na huku. "Mzee alisema ni la mke mwenza."

"Mke mwenza si ndilo gari lenyewe? Mama ndivyo anavyoliita."

"Siyo huyo, dada. Mke mwenza mtu. Wa miguu miwili. Alisema, fundi, hili ni la mke mwenza, na wanangu wasijue."

Yesu na Maria, Mungu wangu, au chochote unachotamka wewe msomaji ukisikia habari kama hii, kitamke sasa. Baba yake Kitinda! Yule mzee wa kulala saa ya kuku, anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, ana mke wa siri, na mke huyo amejengewa gari kwa vipande vya gari la mama!

Simu ikalia. Kaka Mkubwa, mtu wa ofisi, mwenye sauti ya kiyoyozi.

"Gari limefika wapi?"

"Linakuja."

"Linakuja au linasukumwa?"

Kitinda akakata simu. Angeweza kumwambia yote, na kesi ya gari ingekwisha hapo hapo. Lakini aibu ya baba ni nguo ya familia, huivui barabarani. Na jambo jingine alilijua moyoni: liwe spea, liwe makapi, lile gari kwenye jeki ndilo alilolilea yeye. Likikosa kufika leo, linakatwa.

"Rudi chini," akamwambia fundi. "Funga klachi."

"Dada, kuna jambo kuhusu breki..."

"Breki za hili ziko sawa?"

"Za hili ziko sawa kabisa, lakini..."

"Basi funga klachi, na mdomo pia ufunge!"

Ndipo pikipiki ikaingia getini kwa fujo, ikashusha mwanamke mwenye kitambaa kichwani na uso uliowiva kwa ghadhabu. Alipokivua kitambaa, upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umesukwa mistari mizuri ya kupendeza, upande wa kulia nywele zimesimama kila moja na shauri lake. Alikuwa mteja wa Kitinda. Asubuhi msusi alimwambia "nakuja sasa hivi", akatokomea. Tumwite Nusu Kichwa, na usimcheke, mambo haya yanaweza kukukuta.

"Hivi wewe unanionaje? Nimekaa saluni mpaka mwenye duka jirani ananiletea mto!"

"Nisamehe, dada yangu, leo..."

"Sitaki pole! Nataka nywele. Nina ugeni jioni, wakwe wanakuja kunitazama mimi, siyo kutazama nusu yangu!"

Kitinda akaangalia jua, akaangalia miguu ya fundi iliyochomoza chini ya gari, akaangalia kile kichwa. Akaburuta tairi.

"Kaa hapa. Fundi! Wewe malizia gari, mimi namalizia kichwa. Tuone nani atatangulia."

Hapo sasa palikuwa na kazi. Kitinda akanawa mikono kwa petroli na sabuni ya unga, akachomeka kitana mdomoni, akaanza. Vidole vinapita, mstari unashuka, na chini ya gari fundi anagugumia.

"Nati imekataa!"

"Ibembeleze!" Kitinda akajibu, akavuta unywele.

"Aa! Mimi siyo nati!" Nusu Kichwa akalia.

Waya wa klachi ulikuwa mfupi. Fundi akaunga kipande, kipande kikachomoka. Akaunga tena. Spana ikaanguka ndani ya injini, mahali ambapo mkono hauingii, wakaitafuta kwa sumaku ya spika ya redio. Betri ikaonekana imelala. Na starta, ambayo jana ilikuwa nzima, leo ikatoa mlio mmoja kama kikohozi, ikanyamaza. Gari likiamua kukuumbua huwa halichagui kiungo kimoja, linakupa vyote kwa pamoja, na lazima iwe siku unayolitegemea. Mwenye gari bovu anielewe.

"Dada, breki..." fundi akaanza tena.

"Ukinitajia breki tena nakutia kitana cha jicho! Klachi!"

Mwisho vikafungana. Fundi akapiga kelele "Tayari!" na Kitinda akiwa bado na mistari michache juu ya sikio.

"Amenishinda leo, siku asiyotakiwa," Kitinda akanung'unika. "Ingia nyuma, dada, nitakumalizia huko huko hospitali."

"Hospitali tena?"

"Kabla ya kuingia, sukuma."

Wakasukuma, fundi na bibi harusi mtarajiwa wa watu, mwenye kichwa robo tatu. Gari likakohoa, likatikisika, likatoa moshi mweusi wa kumfukuza jirani, likawaka, nao wawili wakarukia ndani. Kitinda akapiga usukani kwa furaha, halafu akajikasirikia kwa kufurahi.

Njia nzima hakukosekana jambo. Kioo cha dirisha kikadondoka ndani ya mlango. Rejeta ikachemka, wakaomba maji kwa muosha magari aliyecheka mpaka akakaa. Dereva wa teksi akawapita, akapaza sauti: "Hilo si la kuuza, hilo la kuzika!" Kitinda akamjibu maneno ambayo mhariri wangu ameyafuta.

Lakini wakafika! Jua bado liko juu, gari linaunguruma, mlango wa hospitali ule pale. Kitinda hakuthubutu kuzima injini. Akamwendea mlinzi mzee wa getini.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimemfuata baba, yule mwenye bendeji machoni."

"Marahaba. Mbona ameshaondoka?" Mlinzi akachungulia lile gari, akapangusa macho, akachungulia tena. "Na ameondoka na hili hili! Limetoka hapa sasa hivi, moshi wake bado naumeza."

"Na nani?"

"Na mkewe."

"Mke yupi?"

"Nitajuaje ana wangapi? Mama mtu mzima, miwani myeusi, ameukumbatia usukani kama unataka kumkimbia. Mzee akauliza, nani anaendesha? Akajibiwa, mke mwenza. Basi akacheka yule mzee, mpaka muuguzi akamwambia aangalie asije akafumua mishono."

Kumbe amemcheka mama! Hapo hapo Kitinda akampigia mama yake, maana bora asikie kwa mwanawe kuliko kwa majirani. Ikapokelewa.

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa."

"Mama, samahani kwa ninalokwambia. Baba ana mwanamke mwingine. Amemjengea gari. Sasa hivi amekuja kumchukua hospitali."

Kisha mama akauliza, "Huyo mwanamke anaendesha vizuri?"

"Mama!"

"Nakuuliza, anaendesha vizuri? Maana anayeendesha ni mimi. Baba yako ndiye amenishikia simu."

Kitinda akaegemea nguzo ya geti.

"Nililiita mke mwenzangu miaka yote," mama akaendelea, "siku moja baba yako akaniambia, basi na wewe ni mke mwenza wake, ukewenza hauna upande mmoja. Njoo mpatane. Funguo za kibanda akanipa yeye. Jumamosi zote mlizodhani niko kwenye kikundi cha akina mama, nilikuwa najifunza kuendesha uwanjani. Nilitaka mtukute nyumbani, huyo kaka yako afunge mdomo wake wa vyuma chakavu. Si ndivyo, mume wangu?"

"Ndivyo!" ikasikika sauti ya mzee, imejaa raha.

Kitinda akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja. Mke wa siri ni mama! Kama ningekuwa mwandishi mwenye huruma, ningeishia hapa.

"Ila mwanangu," mama akasema, "hebu niulizie huyo fundi wako. Hii breki mbona inazama? Mwanzo ilikuwa inashika. Sasa naikanyaga inakwenda mpaka chini, laini kama uji."

Kitinda akageuka. Fundi Kesho alikuwa amekaa chini kwenye lami, uso umekuwa wa majivu.

"Nilikuwa nakwambia, dada. Tangu gerejini nakwambia."

"Sema!"

"Pampu ya breki ya hili lako ilikuwa inavuja. Ulinikimbiza kwa simu tangu alfajiri, haraka, haraka. Nikachomoa ile nzima ya lile gari, nikafunga kwenye hili. Hii yako mbovu nikaipachika kule izibe nafasi tu, kwa sababu lile lilikuwa litoke..."

"Kesho," Kitinda akamalizia.

"Na breki ya mkono sijaifunga."

"Mama! Uko wapi?"

"Tumepita mzunguko. Tunaanza kushuka kwenda darajani."

Mteremko wa darajani! Pale malori hushuka kwa gia ya kwanza, na madereva wanazima redio. Kitinda hakuaga mtu. Akaruka kwenye usukani, fundi akajitupa kando yake, na Nusu Kichwa, ambaye hakuna aliyekumbuka kumshusha, akapiga ukelele nyuma: "Jamani, mimi nilifuata nywele tu!"

Gari likaondoka kwa kishindo. Fundi ameshika simu kwa mikono miwili. "Mama, rudisha gia ya pili!"

"Imegoma kuingia!"

"Usimkaripie," mzee akasikika. "Ongea naye taratibu."

"Unamwambia fundi kuhusu mimi, au unaniambia mimi kuhusu gari?"

"Wote, mke wangu. Wote taratibu."

Wakafika kwenye mzunguko, wakaupita, na mteremko ukafunguka mbele yao. Kitinda akaliona lile gari, la kweli, na kupitia kioo cha nyuma akaona kichwa cha baba yake kwenye kile kiti chake yeye, bendeji nyeupe pe. Lilikuwa linaongeza kasi. Na kule chini darajani, malori yamesimama foleni, hayaendi mbele wala nyuma.

"Fundi, linasimamishwaje?"

Fundi Kesho, kwa mara ya kwanza maishani, akajibu bila kuahirisha. "Lipite. Kaa mbele yake. Mwache akuegemee kwenye bampa, halafu bana breki kidogo kidogo, mpaka msimame wote."

"Na hili litafanyaje?"

"Dada..." Akageukia nyuma ya gari. "Hili bodi yake nyuma ni kutu na rangi. Litakunjika. Hata kesho sitaliweza."

Kitinda akapiga usukani kwa kiganja. Amelisukuma, amelilia, amelipigania asubuhi mpaka alasiri ili lisikatwe, na sasa alitakiwa kulivunja kwa mguu wake mwenyewe.

"Dada wa nyuma, rukia huku mbele kwa fundi. Haraka!"

Nusu Kichwa akapita juu ya viti, mistari yake mipya inapepea. Kitinda akakanyaga mafuta. Injini ikalalamika, ikatetemeka, ikapandisha. Wakawa sambamba. Akaona mama yake, miwani imeteleza puani, midomo inasali. Akaona baba yake amegeuza uso upande ule, anasikiliza.

"Hiyo sauti naijua," mzee akasema kwenye simu. "Hiyo ni injini ya Kitinda."

Akawapita. Akaingia mbele yao.

"Kitinda, toka mbele yangu!" mama akapiga yowe. "Nitakuua, mwanangu, toka!"

"Nigonge, mama."

Chini yao dereva wa lori la mwisho alikuwa ameshafungua mlango, anaruka. Kwenye kioo, taa iliyolegea ya gari la baba ikakua, ikajaa kioo kizima. Kitinda akaupapasa usukani mara moja, akakanyaga breki.

Zikashika.